Boti ya wekibodi inaposumbua: kutafuta uzito salama na wa bei nafuu ukiwa Dodoma

Boti ya kuvutia wekibodi, yaani ubao ambao mtu husimama juu yake akivutwa kwa kamba nyuma ya boti, inatakiwa ikae chini majini kuliko boti ya matembezi, ili ikipita iache wimbi la mkia lililosimama vizuri, lenye uwezo wa kumrusha mpanda ubao. Boti zilizoundwa kwa mchezo huu huja na matangi na pampu zake. Kama yako ni boti ya kawaida ya faiba ya futi 16 hadi 19, tena ya mtumba, uzito huo utautafuta mwenyewe. Mabaharia wa pwani huuita farumi, na nitalitumia jina hilo hapa.

Nachukulia kwamba boti inalala Dodoma juu ya trela, unaijaribu kwenye bwawa la Mtera, kama kilomita 120 kwa barabara ya Iringa, na mchezo wenyewe mnaucheza pwani. Mtera kuna mamba na viboko, na kuna visiki vya miti iliyofunikwa na maji bwawa lilipojengwa miaka ya 1970. Pale ni mahali pa kupima injini na kuangalia wimbi, siyo mahali pa mtu kuanguka majini kila dakika tano. Hata kwa kupima tu, ulizia wavuvi visiki viko wapi, maana maji yakishuka wakati wa kiangazi njia iliyokuwa wazi Mei inaweza kuwa na mti katikati ifikapo Oktoba. Usisahau pia kuulizia ruhusa kwa wenye bwawa, na vibali vya chombo kwa TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini, kabla hujapakia chochote.

Kabla ya kuongeza hata kilo moja

Tafuta kibao cha uwezo wa kubeba, kwa kawaida kipo karibu na usukani au ubavuni ndani. Boti ndogo za Marekani zilizo chini ya futi 20 huwa nacho, na uzito wake umeandikwa kwa pauni. Pauni moja ni kilo 0.45.

Soma maneno yake polepole. Kwa boti yenye injini ya kuning'inia nyuma, ule uzito wa juu kabisa unajumuisha watu, mizigo na injini yenyewe. Watu wengi huruka neno hilo la mwisho. Chukua kibao kinachosema pauni 1,400, yaani kilo 635. Injini ya farasi 115 ina kilo kama 170, zimebaki 465. Watu watano wa kilo 75 kila mmoja ni 375, zimebaki 90. Ubao, kamba, nanga, maboya ya kuvaa, kisanduku cha spana na petroli ya akiba, tuseme kilo 60. Zimebaki 30. Farumi yako yote halali ni dumu moja na nusu la maji!

Hapo ndipo mtu hushika kichwa, na hapo hapo ndipo ufumbuzi wa bei nafuu kuliko wote ulipo. Wateremshe wawili wakae ufukweni wachome samaki, umepata nafasi ya kilo 150 ambazo utaziweka unapotaka wewe. Au waache wote watano ndani na uwapange vizuri, kwa sababu mtu ni farumi inayotembea na haigharimu kitu. Marafiki wawili wanene kwenye benchi la nyuma wamewahi kutengeneza wimbi zuri kuliko vifaa vya gharama.

Boti isiyo na kibao ipigie hesabu hii ya boti ndogo za injini: urefu mara upana kwa futi, gawa kwa 15, utapata idadi ya watu. Boti ya futi 18 kwa 7 inatoa 8.4, basi watu wanane. Hicho ni kikomo cha juu cha boti nzima iliyo katika hali nzuri. Boti kuukuu ambayo sakafu yake inabonyea ukikanyaga haistahili kupewa namba hiyo.

Wimbi ni dogo, au limelala kama mkeka

Kabla ya kulaumu uzito, angalia mwendo. Wekibodi huvutwa kati ya kilomita 30 na 37 kwa saa. Boti nyepesi ikikimbizwa zaidi ya hapo hupanda juu ya maji kabisa na kuacha mstari tu. Punguza mwendo taratibu huku mtu mmoja akitazama nyuma. Mara nyingi wimbi linasimama lenyewe kilomita tatu au nne chini ya mwendo ulioshikilia. Mwendo uupime kwa GPS ya simu. Mishale ya mwendo ya boti za zamani hudanganya, hasa tope likiziba kitundu chake cha chini.

Kama mwendo uko sawa, sogeza watu nyuma. Wimbi likibadilika, umejua kwamba tatizo ni mahali uzito ulipo. Lisipobadilika hata kidogo, basi sasa ndipo uongeze maji, madumu mawili mawili, moja kushoto na moja kulia. Mimi huanza na theluthi mbili nyuma na theluthi moja mbele, kisha nasogeza. Uzito wa nyuma tupu hutoa wimbi refu lakini lenye ukingo mkali, linalomrusha mtu juu na kumwacha bila mwelekeo. Ukihamishia kiasi mbele, wimbi linapanuka na mteremko wake unakuwa laini. Kwa anayejifunza, hilo la pili ndilo zuri.

Upande mmoja wimbi safi, upande wa pili povu tupu

Boti imelalia upande. Nahodha anakaa upande mmoja, betri huenda ipo upande huo huo, na msukumo wa propela nao unaipinda boti kidogo. Kati yao wanaweza kukupotezea kilo mia upande mmoja.

Simamisha boti mahali palipotulia, kila mtu akae pale anapokaa wakati wa mchezo, kisha mtu aliyeko ufukweni au kwenye mtumbwi aitazame kutoka nyuma. Upande ulioinuka ndio wa kuongezewa. Kisha rudia mkiwa kwenye mwendo, kwa sababu boti iliyonyooka ikiwa imesimama inaweza kuinama ikikimbia. Hapo usiongeze uzito, hamisha dumu moja kutoka upande mzito kwenda upande mwepesi: tofauti kati ya pande hizo mbili inabadilika kwa kilo 40 bila boti kuzidi uzito hata kidogo.

Na mkishapanga, watu watulie. Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kimejaza kupita kiasi, kilipinduka kikiwa kinakaribia kutia nanga kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Boti yako ni ndogo mara nyingi kuliko ile, na watu watatu wakikimbilia upande mmoja kumpiga picha aliyeruka wanatosha kabisa kuleta msiba.

Boti inachelewa kupanda, injini inalia tu

Hapa kuna jambo linalowahusu watu wa bara kuliko wa pwani. Uso wa maji wa Mtera, bwawa likijaa, uko mita 698 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Mtera basi umeshapoteza kama asilimia 7 kabla hujamwaga tone la maji ndani ya boti. Farasi 115 wanabaki kama 107. Mtu anaongeza kilo 200, anaona boti inasota na pua angani, anadhani injini imekufa, anampelekea fundi hela bure.

Mambo ya kuangalia, kwa mpangilio wa gharama: kwanza punguza uzito wa nyuma wakati wa kuondoka, watu wasogee mbele kisha warudi boti ikishapanda. Pili, shusha injini ikae chini kabisa unapoanza kuondoka. Tatu, angalia mizunguko ya injini mafuta yakiwa wazi yote. Isipofika kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu chake, propela ina hatua (umbali ambao ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja) ndefu mno kwa mzigo huo. Propela ya hatua fupi kidogo ndiyo dawa, na kwa boti inayobeba farumi ni matumizi bora ya fedha kuliko farumi yenyewe. Ila boti hiyo hiyo ukiifikisha Dar es Salaam injini inapata pumzi yake yote, hivyo angalia tena mizunguko isije ikapita kiwango.

Injini ikilazimishwa muda mrefu kwenye mwendo wa kusota hupata joto. Ukiona ule mshipa wa maji unaotoka pembeni ya injini umedhoofika, zima.

Pua inadundadunda, au inachimba maji

Ikidundadunda kwenye maji tulivu, uzito wa nyuma umezidi au injini imeinuliwa mno. Anza na injini, ishushe kidogo. Ikikataa, peleka dumu moja au mawili mbele.

Ikichimba, ni kinyume chake, na ndiyo hali mbaya zaidi. Boti yenye kiti cha wazi mbele inaweza kuchota maji ndoo ishirini kwa mara moja inapokata wimbi lake yenyewe. Toa uzito mbele mara moja, siyo baadaye. Kosa linalofuata ni kukata mafuta ghafla: wimbi la mkia linalokufuata halina breki, linapanda juu ya nyuma ya boti iliyokaa chini. Punguza taratibu, na unapomrudia aliyeanguka, zunguka kwa upana na kwa mwendo mdogo.

Boti inayumba baada ya kona na haitaki kutulia

Chombo chochote cha maji kilichojaa nusu ndicho cha kutazama kwanza. Maji yaliyo nusu hukimbilia upande ulioinama na kuuongezea uzito pale pale ambapo hauhitajiki. Dumu lijazwe mpaka shingoni au liwe tupu, hakuna katikati. Pipa la lita 200 lisiingie kabisa ndani ya boti, hata likiwa limejaa. Likichomoka linakupeleka nalo.

Sababu ya pili ni kufunga ovyo. Kamba ya katani ikilowa hujikaza, kisha ikikauka hulegea. Tumia mikanda ya kufungia mizigo ya malori, ipitishwe kwenye pete zilizofungwa kwa boliti, siyo kwenye miguu ya viti.

Uzito wenyewe upatikane wapi

Jibu langu ni maji, na nitaeleza kwa nini bila kuzunguka. Lita moja ni kilo moja, huhitaji mzani. Unayakuta ziwani na kuyaacha ziwani, trela haibebi kitu. La tatu ndilo kubwa: boti ikijaa maji, maji yaliyomo kwenye dumu hayaivuti chini, kwa sababu yana uzito sawa na maji yanayoyazunguka. Chuma, mchanga na risasi vyote vinaivuta.

Madumu ya lita 20 ya mafuta ya kula yanauzwa yakiwa yametumika karibu kila soko, Majengo na Sabasaba yamejaa. Yaoshe kwa majivu na maji moto. Kataa dumu lililowahi kubeba dawa ya mashamba, bei iwe ya chini kiasi gani, na kataa la oili ya gari, litakuachia utando juu ya maji yanayovuliwa perege. Kifuniko kikivuja, weka chini yake duara lililokatwa kwenye tyubu la baiskeli. Wengine walizoea kipande cha mfuko wa nailoni. Mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata ilipokuwepo haikudumu wiki.

Kasoro ya dumu ni kona zake ngumu na mpini unaogonga faiba. Weka kipande cha zulia kuukuu au godoro chini.

Tyubu la lori ni bora zaidi kwa nafasi za ajabuajabu kama puani au chini ya benchi. Linajikunja lifuate umbo la boti, na halina kona. Kulijaza siyo ufundi mgeni kwetu: matairi ya nyuma ya trekta hujazwa maji kwa kazi hiyo hiyo ya kuongeza uzito, kwa hiyo fundi matairi wa Kibaigwa au popote penye matrekta anajua kuchomoa moyo wa valvu na kuunganisha mpira wa maji. Mwombe akuuzie kiunganishi chake cha zamani. Jaza kwa ndoo za lita 20 ulizohesabu, mara ya kwanza, uandike idadi kwa rangi juu ya tyubu, ili siku nyingine usibahatishe. Toa hewa yote kabla ya kufunga, vinginevyo litakuwa kile chombo cha nusu tulichokwisha kukisema. Likae kivulini lisipotumika, jua la Dodoma linalipasua.

Mafundi turubai wanaweza kukushonea mfuko mrefu wa maji kwa turubai la lori. Ukishonwa kwa uzi utavuja kwenye kila tundu la sindano. Uliza kama wanaunganisha kwa moto au gundi. Kama hawana, usipoteze fedha.

Mchanga wa korongo ni wa bure na kila mtu huufikiria kwanza. Mkavu una kilo kama 1.6 kwa lita, hivyo dumu lake linafika kilo 32, na mgongo wako utakuambia. Shida yake hasa ni kwamba kiroba cha sandarusi hupasuka, mchanga unaingia ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti maji yanapokusanyika, unaziba pampu ya kutoa maji, na siku unayoihitaji pampu ndiyo hiyo. Ukilazimika, tia kilo 15 hadi 20 kwenye viroba viwili vilivyovalishana, kisha ndani ya mfuko mzito usiopitisha maji.

Nondo, vipande vya reli na chuma chakavu cha Kizota: vinafaa tu kwa kusawazisha kilo 20 au 30 sehemu nyembamba, vikiwa vimefungwa visisogee hata kidole. Kwa kila kilo 60 za chuma, ambazo zikiwa majini bado zinavuta chini kwa kilo kama 52, funga ndani ya boti madumu matatu matupu yaliyozibwa. Kila moja linainua kilo kama 19. Ukienda pwani, chumvi itakula chuma hicho na kutia kutu sakafu. Mawe yanasaga faiba. Saruji ya mfuko ikilowa mara moja inakuwa jiwe lenye umbo la mfuko.

Risasi ya betri chakavu, hapana. Ni nzito kweli, lita moja inapita kilo 11, na ndiyo maana watu huitamani. Lakini kuivunja kunamwaga tindikali, kuiyeyusha kunatoa sumu inayoharibu ubongo wa mtoto, na hakuna wimbi la mkia lenye thamani hiyo.

Maji yanaonekana sakafuni

Usikisie kuwa ni dumu. Zima, tazama kizibo cha ngama kwanza, kisha mipira ya pampu, kisha farumi. Njia rahisi ya kutofautisha ni kutia rangi ya chakula kidogo kwenye madumu siku ya kupima. Maji yenye rangi ni yako, yasiyo na rangi ni ya bwawa. Boti iliyokaa chini kwa uzito huzamisha matundu ya pembeni ambayo siku zote yalikuwa juu ya maji, na mpira uliochakaa ndani yake unaanza kuvuja siku hiyo tu. Nyufa mpya za sakafu zinamaanisha uzito umerundikwa mahali pamoja. Utandaze juu ya ubao wa plaiwudi unaovuka mbavu mbili au zaidi.

Pampu ya kujazia inanguruma, maji hayapandi

Pampu ndogo za ngama za volti 12, ambazo ndizo nafuu, hazina uwezo wa kunyonya. Lazima ziwe zimezama. Itumbukize ziwani, siyo kuiweka sakafuni na kutupa mpira majini. Kama imezama na bado haisukumi, mpira una hewa katikati, unyooshe. Nyaya nyembamba nazo huifanya izunguke kivivu. Kwenye maji ya tope vua kichujio chake kila baada ya kujaza.

Kichwa kinauma waliokaa nyuma

Siyo jua. Boti nzito nyuma, mwendo mdogo, pua juu: moshi wa injini unavutwa ndani, na gesi yake ya kaboni monoksaidi haina harufu. Hamishia watu mbele, geuza boti upepo uwapitie, na mtu asikae kwenye ngazi ya nyuma injini ikiwa inaunguruma. Anayetapika au kusinzia apelekwe hospitali.

Kutoka majini na kufika pwani

Mwaga kila kitu kabla winchi haijaanza kuvuta. Lita 200 zilizosahaulika ni kilo 200 juu ya ekseli ambayo haikutengenezwa kwa ajili hiyo, na ukingo wa Mtera ni wa tope. Yamwage hapo hapo yalikotoka, usisafiri nayo, maana mbegu za magugu na mayai ya konokono husafiri bure ndani ya dumu. Kausha na madumu yenyewe.

Ukishusha boti Msasani utaiona imeinuka kidogo kuliko Mtera. Maji ya bahari yana kilo kama 1.025 kwa lita, boti yenye jumla ya kilo 1,200 inahitaji kama lita 30 pungufu kuelea. Usikimbilie kuongeza dumu, madumu yako nayo ukiyajaza hapo yatakuwa mazito kwa uwiano huo huo. Ongeza likihitajika baada ya kuona wimbi, na jioni suuza tyubu, valvu na mikanda kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukianza na vifungo vya mikanda, kwa kuwa ndivyo hushika kutu kwanza.